Mwaka Niliobishana na Mtu wa Walikale

Habari ya kifo cha Papa Silivani ilinikuta mlangoni nikichambua maharage, alasiri, mvua ikiwa imetoka tu kupita. Ilikuja kwa simu, kama karibu kila kitu chake kilivyonijia. Binti yake Riziki alituma vokali, ndivyo tunavyoita huku ujumbe wa sauti, akaeleza kwamba papa, baba yake, amefariki alfajiri baada ya homa ya siku nne, na kwamba watamzika kesho. Hakulia. Mwishoni alisema tu, "Dada Sifa, nimeanza na weye juu alikuwa anakutaja sana." Nikakaa na ungo magotini nisijue nifanye nini na mikono yangu. Jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa la kijinga: kutafuta sauti yake kwenye simu, nimsikie hata mara moja. Haimo. Simu niliyokuwa nayo mwaka ule ilipotea tulipokimbia vita mara ya kwanza, na iliyofuata ikapotea tulipokimbia mara ya pili. Mtu aliyenisemesha karibu kila siku kwa mwaka mzima hakuniachia hata neno moja ninaloweza kulibonyeza likasikika. Ndiyo sababu naandika. Nilimwona kwa macho siku moja tu, lakini nikiulizwa nani alinilea baada ya kuwa mtu mzima, jina lake ndilo linalotangulia.

Mwaka ule nilikuwa Bihambwe, kijiji cha huku Masisi, nina diploma ya sekondari ndani ya bahasha na sina pa kwenda nayo. Nilifanya kazi kwa Mama Joli, mjane aliyekuwa na chumba cha kuchaji simu pembeni ya njia ya sokoni. Kilikuwa chumba cha mbao, sakafu ya udongo uliosakafiwa kwa saruji nusu tu, kwa sababu saruji iliisha kabla ya kufika ukutani. Juu ya bati kulikuwa na paneli mbili za jua, ndani betri tatu kubwa, na meza ndefu ambako simu za watu zililala zimepangwa kama wagonjwa, kila moja na kipande cha plasta chenye namba. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani na tukafanya kazi tumejifunika vitenge mabegani. Saa sita Mama Joli alileta sufuria ya maharage na ndizi za kupika, na kama mchunga ng'ombe fulani wa Nyamitaba alikuwa amepita, kulikuwa na kipande cha jibini pia. Tulikula palepale, kati ya nyaya, na wateja waliokuwa wakisubiri simu zao walikula nasi. Wakila, walisema. Nadhani sijawahi kusoma shule nzuri kuliko ile meza.

Kilichosemwa zaidi mwaka ule kilikuwa kodi ya simu. Serikali ilikuwa imeanza kukata inite, yaani salio, za kila mwenye simu, kwa sababu, walisema, kila chombo lazima kiandikishwe na kilindwe dhidi ya wezi. Uliweka inite za kumpigia mgonjwa wako Goma, ukigeuka zimepungua. Watu walikuja kwetu wakidhani ni betri zetu zinazozila. Mzee mmoja wa Kingi alimwambia Mama Joli kwa upole kabisa kwamba hatalipia tena kuchaji mpaka amrudishie inite zake. Nilimweleza mara tatu. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kwamba serikali iko mbali na chumba hiki kiko karibu, kwa hiyo yeye atadai panapodaika.

Tulikuwa na grupu la WhatsApp, la watu wa Masisi na Walikale, ambalo mtu wa Goma alilifungua ili tupashane habari za barabara: wapi pameharibika, wapi pamefungwa, lori gani limelala matopeni. Kodi ya simu iligeuza grupu lile kuwa bunge. Mimi niliingia kwa jina la Wakili wa Bihambwe. Sikupanga kudanganya. Nilitaka tu kusema bila kuulizwa wewe ni binti wa nani, umeolewa wapi. Lakini nilipoona kila mtu ananiita "Maître," kama mawakili wanavyoitwa huku, na "kaka," niliacha hivyo, kisha nikaanza kulipenda jina lile. Nyuma ya kanisa kulikuwa na mteremko ambako rezo, yaani mtandao, ilishika, na kila jioni kabla jua halijazama nilipanda pale, nikakaa juu ya jiwe, nikaandika. Niliandika kwamba mama mwenye kisimu cha vitufe anakatwa sawa na mheshimiwa mwenye simu tatu. Niliandika kwamba wanatukata inite za rezo ambayo siku tatu katika juma haipo. Niliandika vizuri, nasema hivyo bila aibu, na vichwa vya kucheka vilijaa chini ya maneno yangu kama maharage kwenye ungo.

Kesho yake nilikuwa nawasikia wateja mezani wakisomeana. Madereva wa pikipiki wawili walibishana kama Wakili huyu ana gari ama hana. Mmoja aliapa kwamba anamjua, ni mtu mnene, ana ofisi karibu na Sake. Mimi niliinamia plasta zangu, nikiandika namba, masikio yakiwaka kwa furaha. Nikikumbuka leo, naona kwamba furaha ile ndiyo iliyokuwa hatari, wala siyo hasira. Hasira yangu ilikuwa na haki. Furaha ya kusomwa haikuwa na haki wala kosa, ilikuwa na njaa tu.

Mtu mmoja peke yake ndiye hakunichekea. Hakuandika kamwe, alituma vokali, na kila vokali ilianza namna moja: "Ba ndugu na ba dada, muko namna gani. Miye niko Silivani, niko Walikale." Sauti ilikuwa nzito, ya polepole, na nyuma yake mara nyingi ulisikia mvua ya kule msituni ikipiga bati, au kuku. Alisema mambo ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Alisema kodi ya simu inaweza kuwa mbaya, lakini kabla ya kuitukana tutafute karatasi yake, tuisome, tujue imeandikwa nini na franga, pesa zenyewe, zinaingia wapi. Alisema teknolojia haina ubaya: siku moja hata kodi ya soko itaweza kulipwa kwa simu na kila mtu akaona ilikokwenda. Na siku moja, juu ya vizuizi vya barabarani, alisema neno lililolichoma grupu zima: "Ku bariere ya mwenye bunduki tunatoa, hatuulize kitu. Mwenye kuja na karatasi na jina yake, ule njo tunatukana."

Nilimjibu jioni ileile. Nilimpa jina la Papa Serikali. Niliandika kwamba bila shaka mshahara wake unafika kila mwezi, ndiyo sababu ana muda wa kututafutia karatasi. Grupu lilicheka siku mbili. Yeye alituma vokali akacheka pia, kidogo, kisha akasema Wakili anaandika vizuri sana, lakini swali lake bado halijajibiwa. Hivyo ndivyo tulivyoenda, miezi kwa miezi. Nilimtukana kwa ufundi, naye alinijibu kwa subira, na kwa siri nilianza kutosikia raha siku ambayo Walikale haikuwa na rezo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Soko la Bihambwe lilikuwa na mtoza kodi aitwaye Papa Bauma, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu ya kijivu. Alipita kati ya akina mama na kitabu cha kitansi, zile risiti ndogo, akakata, akatoa, akaenda kwa mwingine. Kwa miaka kitansi zake zilikuwa za rangi ya kijani. Siku moja ya soko alikuja na za rangi ya njano, na bei ilikuwa imepanda. Mama aliyekuwa na beseni moja la maharage alimwuliza sababu. Yeye alijibu ndivyo alivyopewa. Nilikuwa nimesimama hatua chache, nikatoa simu, nikampiga picha akiwa amenyoosha mkono, uso mzima unaonekana, na nyuma yake yule mama ameshika kichwa. Ilikuwa picha nzuri. Nilipanda mteremkoni, nikaandika chini yake: "Batu ya Masisi, muangalie sura hii vizuri. Huyu njo mwizi wa soko yetu. Kitansi zake ni za uongo, franga zinaingia mu mufuko yake. Siku ya soko ijayo mumuonyeshe kama Bihambwe hailale."

Sikuwa nimeshika hata kitansi moja mkononi. Papa Silivani ndiye aliyeuliza, ndani ya saa moja: "Wakili, hizo karatasi umeziona? Ziko na namba? Ziko na kashe?" Kashe ndiyo mhuri. Nilimjibu kwamba mwizi hutetewa na mwizi mwenzake. Picha ilikwenda grupu hili, ikaenda lile, na siku ya tatu ilirudi mezani kwetu kwenye simu za watu waliokuja kuchaji, nikaiona ikiniangalia kutoka kwenye vioo vya simu nne kwa wakati mmoja.

Siku ya soko vijana walimzunguka Papa Bauma kabla hajamaliza safu ya kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mama Joli. Niliona kitabu cha kitansi kikipanda juu na karatasi za njano zikianguka matopeni. Niliona kofia yake ikipita mkono kwa mkono. Yeye sikumwona tena, niliona migongo tu. Mama Joli alitoka mbio na mwiko bado mkononi, akapenya katikati, na akina mama wauza ndizi wakamfuata, na pengine hao ndio waliomwokoa. Walipomtoa, mkono wake wa kuume ulining'inia namna ambayo mkono hauning'inii. Mimi sikutoka mlangoni. Nitasema ukweli, kichwa kilikataa, kwa sababu kilikuwa kikitafuta haraka namna ya kusema kwamba si mimi, ni wao.

Siku mbili baadaye mkewe, Mama Adela, aliingia chumbani na kisimu chake cha kioo kilichopasuka. Mumewe alikuwa kituo cha afya, mkono umefungwa kati ya vibao. Alinisubiri niwamalize wateja wengine, kisha akasema watu wanamwambia kuna barua inayotembea juu ya mume wake, dada yake wa Masisi amemtumia, lakini yeye hakusoma shule. "Dada, unisomee," alisema. "Nataka nijue banasema nini." Alikaa kwenye gunia la makaa, akaweka mikono mapajani, akaniangalia mdomoni kama anayesubiri somo kanisani.

Nikasoma. Niliposoma "huyu njo," ulimi ukaruka neno, nikaendelea na "soko yetu."

"Umeruka neno," Mama Adela akasema. "Banasema kuna mwizi ndani."

Nikarudi nikalisoma. Aliuliza aliyeandika ni nani. Nilisema imeandikwa Wakili wa Bihambwe. Akauliza wakili huyo anakaa wapi, kwa sababu kama ni mtu aliyesoma, labda akienda kumpigia magoti atakubali kumsikiliza, amweleze kwamba Bauma ni mkristo, hajawahi kula kitu cha mtu. Niliichomeka simu yake kwenye waya, nikasema betri bado, arudi jioni.

Mtu ambaye ningemwandikia alikuwa mmoja tu. Alasiri ile nilitoka grupuni nikamtumia Papa Silivani ujumbe peke yake. Nilimwambia kwamba mimi siyo wakili, ni msichana wa kuchaji simu, jina langu Sifa, nimevunja mkono wa mtu na sijui kama ni mwizi au siye. Niliweka simu chini nikiogopa mlio wake. Jibu lilikuja upesi, na kwa mara ya kwanza halikuanza na ba ndugu na ba dada. Hakunikaripia, wala hakuniambia si nilikuuliza. Aliniomba nitafute kitansi moja ya njano, niipige picha pande zote mbili, nimtumie, tuisome pamoja. Nikaokota moja iliyokuwa imekaukia pembeni ya mfereji. Akanionyesha kwa sauti, kipande kwa kipande, kama anayemfundisha mtoto kusoma saa: hapa namba ya mfululizo, hapa jina la huduma, hapa kashe, hapa tarehe ya uamuzi. Uamuzi wenyewe, alisema, lazima uko mahali umebandikwa. "Uende na mama ya nyumba ya ule papa," alisema. "Asisikie kwako. Aone na macho yake."

Tulienda na Mama Adela. Kwenye ofisi ya soko karani alitafuta kabatini, akatafuta mezani, kisha akacheka, akafunga mlango ambao kila siku ulikaa wazi, na nyuma yake karatasi ilikuwa pale, imebandikwa, na mhuri, na bei mpya, na rangi mpya ya kitansi. Miezi miwili imekaa ukutani na hakuna mtu aliyefunga mlango. Papa Bauma alitoza kama ilivyoandikwa, bila kuzidisha. Mama Adela hakujua kusoma, lakini aliweka kidole kwenye mhuri, akakiacha hapo kwa muda. Halafu, tulipotoka njiani, nikamwambia. Nilimwambia Wakili ni mimi. Hakupiga kelele. Alivua kanga ya begani, akaifunga upya, akatembea mbele yangu mpaka kituo cha afya bila kugeuka, nami nilimfuata kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Chumba kilikuwa na vitanda sita na harufu ya dawa ya vidonda na ya viazi vilivyochomwa. Papa Bauma alikuwa amekaa, mgongo ukutani, anakula kwa mkono wa kushoto. Nilipiga magoti, nikasema yote. Alinisikiliza huku akitafuna. Nilipomaliza alifuta vidole, akauliza kitu kimoja tu.

"Sura yangu iko mu simu ya batu ngapi?"

Nikasema sijui, papa.

"Utaitosha namna gani?"

Nikasema haitoki.

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa alichokijua. Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hakulisema neno hilo, na nimejifunza kutolidai. Alichosema ni kwamba mkono ukipona atarudi sokoni, kwa sababu kazi ni yake, na siku atakayorudi nitatembea naye.

Papa Silivani aliposikia, aliniambia kabla ya siku hiyo kuna kazi nyingine. Nilijua ni ipi. Nilimweleza hofu yangu: wale vijana bado wapo, watu watajua mimi ni mwanamke, hakuna atakayenisoma tena. Nilitaka kusahihisha kwa jina la Wakili, kwa heshima, kwa maneno yaliyopangwa. Alinyamaza siku nzima, nikadhani rezo imekatika. Kisha ikaja vokali fupi kuliko zote alizowahi kutuma: "Uongo uliandika na jina ya uongo. Ukweli uandike na jina yako."

Niliandika. Jina langu, mahali ninapofanya kazi, picha ya karatasi ya nyuma ya mlango, na sentensi kwamba Papa Bauma siye mwizi na aliyesema hivyo ni mimi bila kuangalia. Sijawahi kuandika kitu kifupi kilichonichukua muda mrefu vile. Yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa karibu majuma mawili. Wengine walisema nimenunuliwa. Wengine waliona uchungu zaidi kwamba mwanamke aliwachezea akili kuliko kwamba mtu alivunjwa mkono. Dereva aliyeapa kwamba Wakili ana ofisi karibu na Sake aliichukua simu yake mezani kabla haijajaa na hakurudi tena. Nilimwambia Mama Joli niko tayari kuondoka, asipoteze wateja kwa ajili yangu. Alikuwa akipepeta mchele. Alisema vibaya vyangu amevisikia vyote, tena vingine kwa chumvi, na kwamba kesho nifungue saa ileile ninayofunguaga. Ndipo nilipolia, wala si kabla.

Papa Bauma alirudi sokoni baada ya miezi miwili, mkono umepinda kidogo kwenye kiwiko. Nilitembea naye nikiwa nimeshika kitabu cha kitansi, kwa sababu mkono wake haukuwa na nguvu ya kukata. Kila safu nilisimama nikasoma ile karatasi kwa sauti. Wengine waligeuza uso. Mama mmoja muuza mihogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, si wizi, lakini mwenye beseni moja na mwenye lori moja kwa nini walipe sawa? Papa Bauma, ambaye kwa miaka hakuwahi kusema zaidi ya maneno matatu sokoni, alimjibu kwamba swali hilo yeye mwenyewe angependa kuliuliza, ila hakuna aliyewahi kumwandikia. Basi tukaiandikia ofisi ya soko barua. Tuliandika mezani kwetu, kati ya simu, akina mama saba wakisema na mimi nikiweka kwenye karatasi, na rasimu nikaitupa grupuni, na wale wale walionitukana wakaanza kubishana juu ya koma na juu ya aya ya pili. Papa Silivani alitufundisha namna ya kuanza: sema kwanza unacholipa, ndipo useme unachotaka. Jibu lilichukua muda. Mwenye beseni moja alipunguziwa nusu. Choo cha soko tulichoomba kiliahidiwa, na mpaka leo kinaendelea kuahidiwa.

Papa Silivani alikuja mwenyewe karibu na mwisho wa mwaka. Mvua ilikuwa kubwa. Mtu mfupi, mwembamba, mwenye buti za plastiki zilizojaa matope mpaka magotini na mfuko wa nailoni aliouficha ndani ya koti, aliingia akaweka simu mezani, akasema, "Mama, munishajie kidogo." Nilikuwa nimekwisha kukata plasta. Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimemfikiria mtu mkubwa, mwenye tumbo na tai. Alinitazama, akatabasamu, meno mawili hayapo.

"Njo weye Maître?"

Mama Joli alimkalisha karibu na jiko, akampa chakula, na Mama Adela alipopita na kusikia ni nani, alikwenda kumwita mumewe. Papa Bauma na Papa Silivani walikaa bega kwa bega kwenye gunia la makaa, wakala sahani moja, wakaongea habari za mihogo na ugonjwa wa migomba kama watu waliooa nyumba moja. Papa Silivani alikuwa akielekea Goma. Nilimwuliza kama ni kazi ya serikali inayomwita. Akafungua ule mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na dosie: nakala za vyeti, barua za kuteuliwa, barua za kukumbusha, mihuri juu ya mihuri. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tano. Miaka tisa alikuwa anafundisha na jina lake halijaingia kwenye listi ya wanaolipwa. Wazazi walimpa mihogo, mafuta ya mawese, siku nyingine kuku. Kila mwaka alitembea na dosie, akarudi nayo.

Nilikumbuka neno langu juu ya mshahara wake unaofika kila mwezi. Sikuweza kuinua macho. Nilimwuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi alikuwa akitetea kodi wakati yeye mwenyewe serikali haimjui.

Aliifunga dosie kwanza, akahakikisha maji hayaingii. "Kama hakuna mwenye kulipa," alisema, "watanilipa na nini? Na kama hakuna mwenye kuuliza, watanikumbuka na nini? Yote mbili, dada. Kulipa na kuuliza. Moja peke yake haitoshe."

Mvua ilipopungua alipanda pikipiki akaenda. Goma walimwambia arudi mwaka unaofuata. Kodi ya simu ilikuja kufutwa baadaye, na grupu lilishangilia kana kwamba tuliifuta sisi kule mteremkoni. Yeye alituuliza tu kama kuna aliyejua zile zilizokwisha kukatwa zilikwenda wapi. Mimi Septemba iliyofuata nilichukua bahasha yangu ya diploma, nikaenda Kingi kuomba darasa. Niliambiwa darasa lipo, mshahara haupo. Nilisema naelewa. Tangu hapo tumekimbia mara mbili na kurudi mara mbili, nina watoto watatu, na bado nafundisha. Kuna siku nimesimama mbele ya watoto hamsini bila chaki na nikamkasirikia Papa Silivani kwa kunifanya niwe mtu wa namna hii. Halafu nilimtumia ujumbe kumwambia hivyo, naye alicheka kule kwake, kuku wakisikika.

Leo, baada ya vokali ya Riziki, admini wa grupu alitangaza msiba. Rambirambi zilianza kushuka. Katikati yake kijana mmoja ambaye simjui, anayejiita Jenerali wa Ukweli, aliandika kwamba mtetezi wa kodi amekwenda, na sasa labda tutapumua. Vichwa vya kucheka vitatu, kisha vinne. Watu wa zamani wakaniandikia pembeni: Sifa, mjibu huyu, unaweza. Naweza. Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga, makali, na mwaka ule yangempasua kijana yule mbele ya watu mia mbili. Nikaweka ungo chini. Niliandika jina langu lote, kisha nikamwuliza kama aliwahi kumjua mzee huyu.

Niliona anaandika, anaacha, anaandika.

"Hapana, dada," akajibu. "Alikuwa nani?"

Nikamwambia alikuwa mwalimu wa darasa la tano.